Jibu: Shemeji Mjerumani na kiwanja cha ufukweni Kigamboni

Mkuu, umeuliza kama shemeji yako Mjerumani, mume wa dada yako, anaweza kuandikishwa kiwanja cha ufukweni Kigamboni, Dar es Salaam, ajenge nyumba ya kuishi. Kwa jina lake hawezi. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya 1999 inampa asiye raia ardhi kwa uwekezaji tu, kupitia mamlaka ya uwekezaji. Nyumba ya kuishi? Apange. Kumwandikisha dada yako "kwa niaba" ndiko wengi wanakolia: wakikosana, hati ni ya dada.

Hata ukinunua wewe raia, vuta futi kamba kutoka ufukweni: ndani ya mita 60 Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia ujenzi wa kudumu. Dalali hatakwambia. Karatasi ya serikali ya mtaa si hatimiliki. Fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati, uone jina, rehani na zuio kabla ya kutoa hata shilingi.