Usichore thalamasi kwa mshale mmoja

Mtahini aliniuliza kazi ya thalamasi, sehemu iliyo katikati ya ubongo, nikamjibu kama kasuku: "Ni kituo kinachopokea habari za milango ya fahamu na kuzipeleka kwenye koteksi, gamba la nje la ubongo." Akanisogezea karatasi, akasema nichore. Nikachora jicho, mshale, thalamasi, mshale, koteksi. Akaitazama weee, kisha akauliza, "Na wa kurudi uko wapi?" Sikuwa na la kusema.

Kwa hiyo wewe unayeanza, chora mshale wa kurudi kwanza. Chukua nyuroni (seli za neva) za thalamasi zinazopokea habari za jicho. Katika sinapsi zote zinazozigusa, yaani maungio ya nyuroni na nyuroni, zile zinazotoka kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaonasa mwanga, ni kama asilimia 10 tu, au pungufu. Nyingine zinatoka kwenye koteksi yenyewe, hasa tabaka la 6, kwenye shina la ubongo, na kwenye nyuroni zinazozuia, yaani zinazotuliza nyingine. Retina ni wachache lakini ndio wenye ujumbe, maana sinapsi zao zina nguvu. Wale wengi huamua ujumbe upite vipi.

Hilo la "vipi" ndilo lililonitesa zaidi. Nyuroni ya thalamasi ina namna mbili za kufyatua, yaani kutoa mipigo ya umeme. Ikiwa imechangamka, hutoa mipigo mmojammoja inayofuata kwa uaminifu kile kinachoingia. Ikizuiwa kwa takriban milisekunde 100, milango fulani ya kalsiamu kwenye utando wake hujiweka tayari. Kichocheo kidogo kikija, kalsiamu inamiminika ndani na mipigo kadhaa inatoka kwa mkupuo. Mkupuo hauelezi vizuri ukubwa wa kichocheo, ila unapiga kelele kwamba kuna jambo jipya. Mimi nilikariri kuwa mkupuo ni wa usingizini. Si kweli: usingizini ndiko ulikojaa, lakini hata mnyama aliye macho hutoa mikupuo, japo kwa uchache.

Upande wa koteksi, weka majina kando na utafute vifungo vya shati. Vipange vitano kwenye mstari mezani. Kila kifungo ni eneo dogo la mviringo ambalo nyuroni moja ya thalamasi inalitazama. Zote tano zinapeleka habari kwa nyuroni moja ya koteksi. Laza penseli juu ya mstari huo: vifungo vyote vimeguswa, nyuroni ya koteksi inafyatua. Igeuze penseli ikae msalaba: kimeguswa kimoja tu, kimya. Hivyo ndivyo watafiti wa ubongo David Hubel na Torsten Wiesel walivyoeleza mwaka 1962 kwa nini nyuroni za koteksi ya paka hupenda mistari yenye mwelekeo fulani, ilhali zile za thalamasi hutosheka na vidoa. Nilisoma kurasa nyingi sana kuhusu jambo hili kabla ya vifungo kunielewesha kwa dakika mbili.

(Ukishazoea, ongeza ule utando wa nyuroni zinazozuia unaoizunguka thalamasi. Mwaka 1984 mwanasayansi Francis Crick alipendekeza kuwa ndio unaoelekeza kurunzi ya umakini.)

Nilirudia mtihani na mchoro wangu ukiwa na mishale ya kwenda na kurudi, kwa kalamu za rangi mbili. Kwa mbwembwe nikaongeza na pua, nikaipitisha kwenye thalamasi kama wenzake. Mtahini akatabasamu, akaukata mshale huo: harufu hufika kwenye koteksi yake bila kupitia thalamasi kwanza.