Vidole viwili, gololi nne: nani anapunjwa?

SWALI: Wanangu hucheza vidole. Wanahesabu hadi tatu, kisha kila mmoja anatoa kidole kimoja au viwili kwa pamoja. Jumla ikiwa witiri, mkubwa anashinda. Ikiwa shufwa, mdogo. Aliyeshindwa hulipa gololi sawa na jumla ya vidole. Mdogo analalamika kila siku kwamba anapunjwa. Mimi naona ni haki: mmoja hupata 3 au 3, mwenzake 2 au 4. – Mama wa watoto wawili, Morogoro

JIBU: Mama, mdogo ana haki ya kulalamika. Hesabu yako ingesimama kama matokeo yote manne yangetokea sawasawa, lakini vidole si shilingi ya kurusha, mtu huchagua. Zile gololi 4 za mdogo hupatikana tu wote wakitoa viwili. Mkubwa akivibania viwili kidogo, basi.

Kipimo cha mkubwa ni kutoa kimoja mara 7 katika raundi 12, viwili mara 5, bila mpangilio unaobashirika. Mdogo aking'ang'ania kimoja, mkubwa hulipa 7 × 2 = 14 na kupokea 5 × 3 = 15. Mdogo akihamia viwili, mkubwa hupokea 7 × 3 = 21 na kulipa 5 × 4 = 20. Kwa vyovyote, kwa wastani mkubwa anabaki na gololi moja kila raundi 12.

Ajabu ni kwamba mkubwa akigawa nusu kwa nusu, anaumia mwenyewe. Mdogo mjanja atatoa viwili tu, ajikusanyie wastani wa nusu gololi kila raundi.

Msitegemee kuliona hili jioni moja. Katika raundi 120 faida ni gololi 10, ilhali bahati peke yake huyumbisha matokeo kwa 30 hivi, juu au chini. Mdogo anaweza kumaliza akiongoza, na mchezo ukabaki umepinda vilevile.

Dawa rahisi: mshindi achukue gololi moja tu, jumla iwe yoyote. Hapo nusu kwa nusu inamlinda kila mmoja. Wakitaka malipo yaleyale, wabadilishane upande kila baada ya raundi 12. Anayetaka kujaribu ile 7 kwa 5 aweke maharage mekundu 7 na meupe 5 mfukoni, achomoe moja bila kutazama, alirudishe na kuchanganya kila raundi. Kichwa cha mtu hakiwezi kazi hiyo. Akishatoa viwili mara mbili mfululizo, mkono unakimbilia kimoja, na mwenzake anaujua.

SWALI: Tukiwa watatu, kila mmoja hutoa vidole 1 hadi 5, tunajumlisha na kuhesabu kwa kuzunguka. Anayeangukiwa na hesabu ndiye anaosha vyombo. Ni haki? – Msomaji, Tanga

JIBU: Karibu sana. Kila mtu akitoa vidole bila upendeleo, michanganyiko ni 125: wa kwanza na wa pili huangukiwa mara 42 kila mmoja, wa tatu mara 41. Ruhusuni ngumi ihesabiwe sifuri (ngumi zote tatu ni za wa tatu), mtapata michanganyiko 216, yaani 72 kwa kila mtu. Zaidi ya hapo, anayechagua kati ya zile namba sita (0 hadi 5) bila upendeleo hawezi kuchezewa hata wenzake wawili wakila njama. Mchungeni tu anayechelewa kufungua mkono: akiona vya wenzake, huchagua mwenyewe nani aoshe.