Klia kutoka nyeupe na kulainishwa na petroli: kupiga rangi tenki, saidi kava (vifuniko vya pembeni) na madigadi ya pikipiki nyumbani kwenye baridi ya Mbeya

Mkuu, umeuliza mawili kwa pamoja. Klia ya kopo (ile angavu ya kung'arisha inayopigwa juu ya rangi) uliyopuliza jioni ya mwezi wa sita hapo Uyole imetoka nyeupe kama ukungu, na petroli ilipodondoka karibu na mfuniko wa tenki rangi imelainika mpaka ikabanduka na kitambaa. Waliotangulia kukujibu wanasema mkono wako mzito. Mkono hauhusiki hapo. Tatizo la kwanza ni saa uliyopulizia, la pili ni aina ya klia.

Nianze na la pili, maana ndilo linaloamua utanunua nini. Klia ya kopo ya kawaida hukauka kwa kuruka kwa thina tu, basi. Hakuna kilichofungamana ndani yake, kwa hiyo petroli ikiigusa inailainisha upya, hata uwe umepiga mikono (tabaka) sita. Kwenye saidi kava na kava la taa inatosha. Kwenye tenki haifai. Tenki linataka klia ya 2K, ile inayochanganywa na hadina (dawa ya kuigandisha) na kukomaa kwa kemikali. Ukizunguka maduka ya rangi za magari pale Mwanjelwa itaje kwa jina hilo hilo, ukisema "klia nzuri" utapewa yoyote. Yapo pia makopo ya kupuliza ya 2K yenye hadina ndani. Unabonyeza kitako kuipasua, unatikisa, na baada ya hapo lazima uitumie yote siku hiyo.

Ya kuchanganya mwenyewe mara nyingi ni klia 2 kwa hadina 1, lakini ziko za 4 kwa 1, kwa hiyo soma kopo. Kipimo ni cha ujazo. Chukua chombo chenye kuta zilizonyooka, simamisha rula ndani, klia mpaka sentimita 6, hadina mpaka 9. Kwa tenki la pikipiki ya Boxer, saidi kava mbili na madigadi mbili, klia mililita 300 na hadina 150 zinatosha mkono wa ukungu na miwili ya kulowesha. Usiongeze hadina ukidhani itawahi kukauka kwenye baridi. Ikizidi, klia inakuwa ngumu kama kioo na kupasuka, au inabaki inanata. Ukitaka iwahi, nunua hadina ya haraka.

Na thina. Ile ya bei rahisi ya kuoshea vyombo vya rangi usiitie kwenye 2K. Mara nyingi ina spiriti na unyevu ndani yake, navyo vinaila hadina kabla haijaikuta klia. Utaona imekauka juu, lakini wiki ya pili ukiibonyeza kwa ukucha inaacha alama. Tumia thina ya 2K, asilimia 5 hadi 10, na kama kopo linasema haihitaji, acha.

Sasa ukungu. Thina ikiruka inapoza ile sehemu. Kama hewa ina unyevu na bati lilishakuwa baridi, maji yanatua juu ya rangi mbichi na kufungiwa humo. Mbeya na Njombe jua likianza kushuka joto linaondoka haraka sana, kwa hiyo saa kumi na moja jioni hata kama unaona jua, bati limeshapoa. Asubuhi ni mbaya zaidi, kwa sababu tenki lililolala stoo linabaki baridi muda mrefu baada ya hewa kupata joto. Puliza kati ya saa nne na nusu asubuhi na saa nane mchana. Litoe tenki nje mapema, ligeuzegeuze mpaka ukilishika kwa mgongo wa kiganja lisikupe ubaridi. Kipimo kingine cha bure: pangusa bati kwa kitambaa chenye maji kidogo. Robo saa ikipita na alama ya maji bado ipo, funga kazi siku hiyo. Tukuyu wakati wa mvua unaweza kufunga kazi wiki nzima, ndiyo hali ya huko.

Kopo la kupuliza nalo likiwa baridi linatema matone. Liweke kwenye beseni la maji ya uvuguvugu dakika kumi, yale unayoweza kuzamisha mkono bila kuutoa. Usilisogeze karibu na jiko, kopo likizidi nyuzi 50 linaweza kupasuka. Na wale wanaoingiza jiko la mkaa ndani ya chumba cha kupulizia ili kipate joto: mvuke wa thina unashika moto, na gesi ya mkaa kwenye chumba kilichofungwa inaua bila harufu. Bora usubiri jua.

Kwa hilo lako, usipige 2K juu ya hiyo klia iliyopo. Thina yake itaichokoa ya chini, uso wote ukunjamane. Ondoa klia yote kwa msasa wa maji namba 320, na rangi ya chini ikiwa nene na laini iondoe pia mpaka praima (rangi ya msingi inayoshika chuma).

Kabla ya msasa toa petroli yote, fungua koki, acha tenki wazi nje kwenye upepo siku mbili tatu. Usiliguse kwa grenda, cheche moja inatosha kuwasha mvuke uliobaki. Ziba mdomo na tundu la koki kwa nailoni na tepu ya karatasi ili maji yasiingie, vinginevyo unaanzisha kutu ndani. Osha kwa sabuni ya vyombo KABLA ya msasa. Ukianza na msasa, mafuta na grisi unayasukumia ndani ya mikwaruzo na hayatoki tena. Stika za zamani zimwagie maji ya moto, zitabanduka.

Penye kutu tumia msasa 120 mpaka chuma king'ae, halafu 240. Piga praima siku hiyo hiyo. Chuma kitupu kikilala usiku mmoja kwenye umande wa huku kinaanza kuota rangi ya chungwa. Puti (ile ya kujazia mabonde) ikae juu ya chuma kilichokwaruzwa au praima ya epoksi, siyo juu ya praima ya kopo. Hadina ya puti ni kama asilimia 2 tu: bonge la ukubwa wa yai kwa tone la ukubwa wa punje ya harage. Kwenye baridi watu wanazidisha hiyo hadina nyekundu, inakauka haraka kweli, halafu baada ya wiki doa linapenya mpaka juu ya rangi nyeupe au silva. Puti pia usiisugue kwa maji, inayanywa.

Praima mikono miwili, ikikauka sugua kwa msasa wa maji 400 kisha 600, ukitia matone ya sabuni kwenye ndoo. Usibonyeze kwenye kona na mikunjo ya tenki, hapo ndipo rangi huisha kwanza.

Plastiki geuza uone ndani, huwa kuna herufi za aina ya plastiki. ABS inashika rangi ukiikwaruza vizuri. PP, ambayo utaikuta kwenye baadhi ya madigadi, haishiki kitu bila praima yake maalumu ya plastiki. Usipoipiga itamenyuka vipande vipande dereva akipiga shimo. Kama herufi zimefutika, kata kipande kidogo sehemu isiyoonekana ukitupe kwenye maji: PP inaelea, ABS inazama. ABS usiifute kwa thina kali, inayeyuka na kupata nyufa.

Vile vishimo vya duara ambavyo rangi inakimbia na kuacha bati tupu vinatokana na mafuta, na huku chanzo kikubwa ni mikono yenyewe. Kwenye baridi kila mtu amejipaka vaselini, halafu anashika tenki lililokwisha safishwa. Vaa glavu. Chanzo cha pili ni polishi yenye silikoni wanayopaka kwenye sehemu za kuosha pikipiki. Vikitokea usimwagie rangi juu. Acha ikauke, sugua, futa kwa dawa ya kuondoa mafuta, anza upya.

Kupuliza kwenyewe ni kazi fupi. Kopo liwe sentimita 20 hadi 25 kutoka kwenye kifaa, bunduki 15 hadi 20, nozeli ya milimita 1.3 au 1.4, presha kama ba 2. Anza kupuliza nje ya kifaa, pita, achia nje ya kifaa, kila mstari ufunike nusu ya uliotangulia. Rangi mikono mitatu myembamba, dakika 10 hadi 15 kati ya mkono na mkono. Ikishafifia yote, subiri nusu saa, weka stika, kisha klia. Mkono wa kwanza wa klia uwe wa ukungu tu ili kingo za stika zisijikunje. Wa pili na wa tatu ndiyo unalowesha. Ukipiga ukiwa mbali au jua kali la mchana likiwa juu ya kifaa unapata ganda la chungwa (uso wenye vijibonde kama chungwa) na vitundu vya sindano, kwa hiyo fanya kivulini, upeleke juani baada ya kama saa moja. Mwezi wa nane mpaka wa kumi vumbi ni balaa. Makambako na Iringa upepo ukianza mchana, funga banda kwa nailoni pande tatu na unyunyize maji kidogo sakafuni.

Ukipuliza 2K, barakoa ya kitambaa haikusaidii kitu. Hadina yake ina isosayaneti, inayoweza kukupa pumu ya kudumu. Vaa barakoa yenye vichujio vya mvuke na vumbi, miwani, glavu, simama upepo ukiwa mgongoni. Mwenye pumu asipulize kabisa, ampe mwingine.

Ekzosi usiipige klia hii, itageuka njano na kumenyuka. Ina rangi yake ya joto na haitaki klia juu.

Tenki usilitie petroli kabla ya siku saba, na kwa baridi ya Juni na Julai nenda mpaka kumi na nne, ukiliweka juani kila mchana. Harufu ya thina ikiwa bado ipo ukinusa kwa karibu, halijakomaa. Machozi yaliyotiririka yasugue baada ya wiki kwa 1000, kisha 2000, kisha kampaundi (dawa ya kusugulia ing'ae). Mdomo wa tenki hakikisha klia imeingia mpaka chini ya pale raba ya mfuniko inapokaa, kwa sababu petroli huanzia kingo hiyo kuchokoa rangi kutoka chini. Hadina iliyobaki funga kopo kwa nguvu. Ukiikuta imeganda au ina ukungu mweupe ndani, tupa.