Kununua Tiketi ya Mchezo wa Jukwaani Wakati Bei Zimepanda

Wapenzi wa michezo ya jukwaani siku hizi hulalamikia bei ya kuingia ukumbini kuliko wanavyolalamikia uigizaji wenyewe. Tiketi ambayo zamani mtu aliinunua bila kusitasita sasa inamlazimu kupiga hesabu kwanza, na kwa familia yenye watoto hesabu hiyo mara nyingi huishia kwenye uamuzi wa kubaki nyumbani. Mimi si mwigizaji wala mhakiki. Ni mtazamaji ninayelipia tiketi kwa mshahara wangu, na kwa miaka mingi nimeona kwamba ndani ya ukumbi mmoja, usiku mmoja, watu wawili walioketi jirani wanaweza kuwa wamelipa fedha zinazotofautiana hata mara tatu. Aliyelipa kidogo kati yao huwa ameelewa jinsi bei zinavyopangwa, na ndilo jambo ninalotaka kulieleza hapa.

Tuwatendee haki wenye kumbi kwanza, maana si kila ongezeko ni ulafi. Mwaka 1966 wanauchumi wawili wa Marekani, William Baumol na William Bowen, walieleza tatizo ambalo halijapata dawa mpaka leo: kiwanda kikinunua mashine bora, wafanyakazi walewale hutengeneza bidhaa nyingi zaidi kwa saa, lakini mchezo wa saa tatu wenye wahusika kumi na wawili utahitaji idadi ileile ya waigizaji na saa zilezile hata baada ya miaka mia moja. Mishahara ya waigizaji, mafundi wa taa, washonaji na wapiga muziki haina budi kupanda sambamba na mishahara ya kazi nyingine, la sivyo watu hao watakwenda kutafuta riziki kwingine, ilhali viti vya kuuza haviongezeki. Broadway, eneo mashuhuri la michezo ya jukwaani jijini New York, ina kumbi 41 tu, nyingi zikiwa majengo ya zamani yasiyoweza kupanuliwa, na desturi yake ni maonyesho manane kwa wiki. Kuandaa mchezo mkubwa wa nyimbo na dansi huko kunaweza kugharimu zaidi ya dola milioni 20 kabla pazia halijafunguliwa mara ya kwanza, na fedha zote hizo zinategemea viti vilevile.

Hayo yanaeleza kupanda kwa bei hatua kwa hatua. Bei kuruka ghafla kuna asili nyingine. Mwaka 2001, mchezo wa The Producers ulipokuwa ukijaza ukumbi wa Broadway kila siku, walanguzi walijipatia fedha nyingi kwa kuuza tena tiketi zake, na wenye mchezo wakaona heri faida hiyo waichukue wao: wakatenga baadhi ya viti bora na kuviuza kwa dola 480, wakati kiti kizuri cha kawaida kilikuwa dola 100. Mlango huo ulipofunguliwa haukufungwa tena. Mwaka 2016 viti vya namna hiyo kwenye mchezo wa Hamilton vilifikia dola 849, na mwaka 2025, nyota wa sinema Denzel Washington na Jake Gyllenhaal walipoigiza Othello, viti vingi vya sakafu ya chini ya ukumbi viliuzwa kwa dola 921. Pamoja na hilo zimeingia programu za kompyuta zinazopandisha na kushusha bei kila mara kulingana na kasi ya mauzo, kama yanavyofanya mashirika ya ndege. Kwa mnunuzi hili lina pande mbili, na watu wengi huuona upande mmoja tu: bei inayoweza kupanda kwa sababu wengi wanataka kiti inaweza pia kushuka pale ambapo hakuna anayekitaka.

Kabla ya kufungua ukurasa wa malipo, mimi hujiuliza ninalipia nini hasa. Sehemu kubwa ya bei zile za kutisha inatokana na jina la mwigizaji wa sinema aliyekubali kusimama jukwaani kwa wiki chache. Muda ni mfupi, waliowekeza wanataka kurudishiwa fedha zao upesi, na watu wako tayari kulipa ili wamwone uso kwa uso. Sina ugomvi na anayetaka hivyo. Ila ikiwa kiu yako ni mchezo wenyewe, subiri. Nyota huyo akiondoka na mchezo ukaendelea na mwigizaji mwingine, bei kwa kawaida hushuka, na mara nyingi anayechukua nafasi yake ni mtu aliyelelewa na jukwaa, mwenye sauti inayofika safu ya mwisho bila kuhangaika. Nimewahi kukaa kwenye onyesho ambalo watu waliguna tangazo liliposema kwamba mwigizaji mkuu ni mgonjwa, kisha watu haohao wakasimama kumpigia makofi aliyemkaimu.

Suala la kiti linastahili kuelezwa kwa urefu, kwa sababu hapo ndipo fedha nyingi zinapopotea bila sababu. Ramani ya ukumbi unayoonyeshwa kwenye simu imepakwa rangi kwa kufuata bei, na macho huamini kwamba rangi ya ghali ndiyo inayoona vizuri. Si lazima. Viti vya safu ya kwanza kabisa mbele ya jukwaa refu vinakuonyesha viatu vya waigizaji na videvu vyao, na mchezo wenye dansi ukiutazama kutoka hapo hupati mpangilio wa miguu hata kidogo. Huko juu, safu ya kwanza ya roshani ya mwisho inapendeza kwenye ramani, lakini katika kumbi nyingi za zamani ina reli ya usalama inayopita usawa wa macho ya mtu aliyeketi, nayo hukata ukingo wa mbele wa jukwaa, yaani mahali ambapo waigizaji husimama kwa maneno yao mazito. Ukiinama mbele ili uione sehemu hiyo, unawaziba wote walio nyuma yako, nao watakukumbusha. Safu ya tatu au ya nne ya roshani hiyohiyo, karibu na katikati, huwa bei moja au pungufu na haina kero hiyo.

Kuna pia viti vinavyouzwa kwa punguzo kwa kuwa vimezibwa na nguzo au viko pembeni sana. Humo mna hazina na mna mitego. Uliza kwenye dirisha la tiketi kinachozibwa ni nini: kona ya nyuma ya jukwaa, ambayo pengine haitumiki kabisa katika mchezo huo, au nusu nzima ya mandhari. Muuza tiketi anayefanya kazi ukumbini kila siku anajua jibu, na kwa uzoefu wangu hulitoa kwa uaminifu kwa sababu hataki kuona mtu akirudi na malalamiko wakati wa mapumziko. Ziko pia tovuti ambamo watazamaji huweka picha walizopiga wakiwa vitini. Ukitafuta jina la ukumbi, safu na namba, mara nyingi utaona kile utakachokiona kabla ya kutoa fedha. Mimi husimamia kanuni moja tu, nayo ni katikati ya juu kuliko pembeni ya chini. Kutoka juu unaona mchezo mzima jinsi mwongozaji alivyoupanga.

Kusimama pia si aibu. Ukumbi wa Globe wa London, uliojengwa upya kwa mfano wa ule wa enzi za Shakespeare na kufunguliwa mwaka 1997, una nafasi za mamia ya watu kusimama uani mbele kabisa ya jukwaa, na kwa miaka mingi nafasi hizo ziliuzwa kwa pauni 5. Miguu huchoka, na mvua ikinyesha inanyesha juu yako, lakini hakuna aliye karibu zaidi na waigizaji. Kumbi nyingine huuza nafasi chache za kusimama nyuma pale tu viti vyote vinapokwisha, kwa hiyo neno “zimekwisha” lisikukatishe tamaa kabla hujauliza.

Kisha kuna ada. Umechagua kiti kwa bei uliyoikubali moyoni, unabonyeza kuendelea, na chini ya bei inaibuka ada ya huduma. Unabonyeza tena, inaibuka ada ya kushughulikia agizo. Mwishoni kuna mchango wa ukarabati wa jengo, na saa ya kuhesabu dakika inakuharakisha uamue. Marekani imeweka kanuni iliyoanza kutumika Mei 2025 inayowataka wauzaji wa tiketi za maonyesho waonyeshe bei kamili tangu mwanzo, na huo ni msaada mkubwa kwa mwenye kulinganisha, ingawa ada zenyewe hazijafutwa. Njia niliyoiona ina nafuu zaidi ni ile ya kizamani ya kwenda mwenyewe kwenye dirisha la tiketi la ukumbi, ambako sehemu ya ada hizo mara nyingi haitozwi. Ukiwa unanunulia watu kadhaa, kiasi unachookoa kinaweza kulipia tiketi nyingine nzima. Nenda mchana, wakati hakuna foleni, ili muuzaji apate nafasi ya kukuonyesha skrini yake na kukuambia siku gani ya wiki hiyo ina viti vingi vilivyobaki.

Siku zenyewe zina tabia zake. Jumamosi jioni ni ghali karibu kila mahali. Maonyesho ya katikati ya wiki, hasa ya mchana, huwa nafuu, na vivyo hivyo majuma yanayofuata sikukuu za mwisho wa mwaka, wakati watalii wameondoka na kila mtu amebana mkoba. Maonyesho ya awali, yale yanayofanyika kabla ya siku rasmi ya uzinduzi, wakati mwingine hupunguzwa bei kwa kuwa mchezo bado unarekebishwa. Binafsi nayapenda, kwani kuona taa ikichelewa au mwigizaji akijaribu mzaha mpya hakunipunguzii raha.

Anayeweza kuamua siku ileile ana bahati zaidi. Tangu mwaka 1973 kumekuwa na kibanda cha TKTS kwenye Times Square, New York, kinachouza tiketi za siku hiyo zilizobaki, nyingi kwa punguzo linalofikia nusu ya bei, na London ikapata kibanda chake Leicester Square mwaka 1980. Mchezo wa Rent ulipohamia Broadway mwaka 1996, safu mbili za mbele ziliuzwa kwa dola 20 kwa waliopanga foleni siku ya onyesho, na utaratibu huo ukaenea kumbi nyingi. Baadaye foleni zikageuka bahati nasibu, ambazo leo huchezwa kwa simu. Jiandikishe, haigharimu kitu, lakini usipange safari wala kumwahidi mtoto kwa kutegemea bahati nasibu. Washindani ni wengi mno.

Kuhusu walanguzi sina maneno mengi. Matokeo ya kwanza ukitafuta jina la mchezo kwenye intaneti mara nyingi ni matangazo ya wanaouza tena, yaliyopambwa yafanane na tovuti ya ukumbi. Anza kwenye tovuti ya ukumbi wenyewe, uitafute anwani yake kwenye bango au kijitabu cha maonyesho, na ukikuta bei ya ajabu, rudi nyuma uhakiki uko wapi.

Mwisho, zipo njia za kuonja sanaa hii nje ya kumbi kubwa. Mwaka 2009 National Theatre ya London ilianza kurusha maonyesho yake kwenye majumba ya sinema, na tiketi ya sinema ni sehemu ndogo tu ya bei ya ukumbini. Kamera hukuchagulia pa kutazama, jambo ambalo huniudhi kidogo, lakini sauti na nyuso hukufikia kwa ukaribu usioupata hata kwenye kiti cha ghali. Vyuo vinavyofundisha uigizaji huonyesha kazi za wanafunzi wa mwaka wa mwisho kwa bei ndogo au bure, na vijana hao hucheza kwa bidii ya mtu anayetafuta ajira. Kumbi ndogo nyingi zinahitaji watu wa kujitolea kuwaonyesha wageni viti vyao, na malipo yake ni kutazama mchezo bure. Piga simu uulizie, andikisha jina mapema kwa sababu nafasi za mwisho wa wiki huwahiwa, vaa nguo nyeusi, fika saa moja kabla, kisha taa zikizimwa unakaa kwenye kiti chochote ambacho hakikuuzwa.