Kubana chipu peke yake hakutoshi
Mkuu umeuliza kwa nini Marekani wasibane tu uuzaji wa chipu za kompyuta ili AI (akili mnemba) yao isiishie kwenye jeshi la China, mbona walishabana toka Oktoba 2022, wakazuia A100 na H100, chipu za AI za kampuni ya Nvidia, kampuni ikatoa A800 na H800 zilizopunguzwa uwezo ili zipite kwenye sheria, Oktoba 2023 nazo zikapigwa stopu, na bado za magendo zinapitia nchi nyingine. Ila mi kinachonitisha zaidi ni modeli zenyewe, yaani programu za AI zilizokwisha kufundishwa. Mwaka 2024 iliripotiwa kwamba watafiti wenye uhusiano na jeshi la China walichukua Llama, modeli ya Meta wenye Facebook, ile mtu yeyote anaipakua bure, wakaitumia kutengeneza chatibot (programu ya kujibu maswali) ya kijeshi inaitwa ChatBIT, na leseni ya Meta ilikuwa inakataza matumizi ya kijeshi! Sasa hiyo leseni utaenda kumshtaki nani Beijing? Faili la modeli likishatoka ndo limetoka. Naona watengenezaji wapime kwanza modeli inaweza kufanya nini kabla hawajaiachia, halafu wanaokodisha seva za klaudi (kompyuta za mbali unazozitumia kwa mtandao) walazimishwe kumjua mteja ni nani, maana huko mtu anatumia chipu iliyopigwa marufuku bila hata kuinunua.