Kabla hujafurahia mkondo kupanda, jaribu kuuzima

Juzi kijana mmoja anayesoma fizikia aliniandikia: "Kaka, transista zangu za P3HT zinapitisha umeme kidogo mno. Nikichanganya nanotyubu za kaboni zitapona?" Transista ni swichi ndogo ya umeme, P3HT ni polima (aina ya plastiki) inayopitisha umeme, na nanotyubu ni mirija ya kaboni midogo mno. Nilirudia kuusoma ujumbe ule mara tatu. Swali hilo hilo lilinila miezi saba.

Polima yenyewe haina shida. Unaiyeyusha kwenye kimiminika, unaidondosha juu ya kipande cha silikoni, unakizungusha, unapata utando mwembamba. Ila chaji ndani yake hurukaruka kutoka mnyororo hadi mnyororo, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Nikaona nanotyubu ndiyo daraja. Nilizitia kama zilivyotoka kwenye chupa, mkondo ukapanda vibaya sana, na usiku ule ule nikamtumia msimamizi wangu grafu.

Kwenye kikao mwenzangu akauliza kitu kimoja tu: "Ukitoa volteji ya geti, unazimika?" Geti ni ile elektrodi ya transista inayoamua mkondo upite au usipite. Haukuzimika. Mstari wa grafu ulikuwa umelala tambarare. "Basi umetengeneza waya," akasema, na watu wakacheka. Mpaka leo nikikumbuka kicheko kile uso unanipata moto.

Alikuwa sahihi. Nanotyubu ambazo hazijachambuliwa, karibu theluthi moja ni za metali, yaani hupitisha umeme muda wote. Zikishikana mikono toka elektrodi moja hadi nyingine, geti haina tena la kuamua.

Dawa nayo ilikuwa polima, ila ya aina nyingine. Mwaka 2007 watafiti wa Oxford walionyesha kwamba baadhi ya polima za jamii ya polifluorene, ndani ya kiyeyusho kiitwacho toluini, huzikumbatia nanotyubu za semikondakta, zile ambazo geti inaweza kuzizima, na kuziacha za metali. Unazitikisa kwa mawimbi ya sauti, unazungusha kwa kasi kwenye sentrifuji, uchafu unatuama, unateka kilichobaki juu. Mara ya kwanza nilipofanikiwa, kile kilichoingia kama masizi meusi kilitoka zambarau, safi, unaona mwanga wa dirisha ukipenya chupani. Nilikaa nacho mkononi muda mrefu. Halafu nikaosha polifluorene iliyozidi, maana ikibaki nyingi nanotyubu hazigusani vizuri.

Mwezi uliopita transista yangu ilizimika. Mkondo wa kuwaka ulikuwa zaidi ya mara 100,000 ya ule wa kuzima. Nilimwonyesha yule yule aliyeniita fundi waya.

Kwa hiyo, mdogo wangu, chambua kwanza, changanya baadaye. Pima mkondo wa kuzima kabla hujamtumia mtu yeyote chochote. Pima tena ndani ya naitrojeni, kwa sababu oksijeni ya hewani nayo huifanya P3HT ipitishe umeme usioutaka. Na usiogope kikao. Ogopa kuingia na grafu moja uliyoipenda.

Nitumie grafu yako ya geti, mkondo ukiwa kwenye skeli ya logi, ile ambayo kila hatua ni mara kumi ya iliyotangulia. P3HT hubeba chaji chanya, kwa hiyo nitaanza kuangalia upande wa volteji chanya, pale inapotakiwa kuzima.