Barua kwa mwanangu aliyeniuliza kuhusu kiwanja cha Run

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Barua yako nimeisoma, na mama yako naye ameisoma, kisha akanirudishia bila kusema neno, jambo ambalo wewe na mimi tunajua maana yake. Umeuliza jambo moja tu: je, akiba yenu ya Muscat mkiitia katika kile kiwanja cha ufukweni kisiwani Run, huko Indonesia, kijijini kwa wakwe zako, miaka kumi ijayo thamani yake itakuwa imepanda au imeshuka? Umeniandikia bei na vipimo, ukaambatisha na picha ya minazi miwili iliyoinamia maji. Nimekuelewa. Lakini kuna swali linalotangulia thamani, nawe umelisikia kwangu tangu ulipokuwa unatafuta chumba chako cha kwanza cha kupanga: ulizia chombo cha kutokea kwanza, bei baadaye.

Kisiwa kile ni kidogo, urefu wake yapata kilomita tatu na upana haufiki kilomita moja, na katika visiwa vya Banda vinavyokaliwa na watu ndicho kilichojitenga zaidi upande wa machweo. Ukishafika Ambon kwa ndege bado hujafika. Unapanda meli usiku kucha mpaka Banda Neira, kisha boti ya mbao inayokwenda kwa hisani ya mawimbi. Juni mpaka Agosti kusi linavuma huko kama linavyovuma kwetu, na mwanzoni mwa mwaka upepo unageuka na kuichafua bahari upya. Haya unayajua. Usilolijua vizuri ni yaliyonipata mimi nilipobaki baada ya harusi yenu, kwa sababu nyinyi mlikuwa mmekwisha kwenda Ambon kushughulikia karatasi, na tangu siku ile sijapata kulieleza kwa utuo.

Mkweo alinishika mkono akasema mgeni haondoki kabla ya kuona pala, ndiyo kungumanga kwa lugha yao, ikichumwa, nami nikakubali, maana nimezaliwa katika mikarafuu na kungumanga nilikuwa nikiijua sokoni tu. Asubuhi ile nilikuwa chini ya miti nikiwatazama vijana wakichuma kwa gai-gai, ule mwanzi mrefu wenye kikapu kidogo kilichosukwa nchani na meno mawili ya kukwanyulia tunda. Tunda likiiva hupasuka lenyewe, na ndani yake basibasi nyekundu imelishika ganda la kahawia iliyokoza, inayong'aa mithili ya kitu kilichopakwa mafuta. Nilikuwa nimeshika moja kiganjani nikilinusa, mjomba wa mkeo alipoteremka kutoka kilimani, mahali pekee palipokuwa na mtandao siku zile, na simu yake mkononi. Hakunipa simu hapo hapo. Alinitaka kwanza nikae chini.

Ndivyo nilivyopata habari ya ami yako. Boti ya kasi ya Ambon ilikuwa imesimama kwa ajili ya msimu, ndege ndogo ya Neira haikuruka, na zamu ya meli kubwa ilikuwa bado. Hata kuvuka kwenda Neira nahodha alikataa. Alinichukua mpaka ufukweni, akaninyooshea mkono nione maji yanavyovunjika juu ya mwamba, wala hakuongeza neno. Saa yao iko mbele ya yetu kwa saa sita. Ilipotimu saa nne ya usiku pale Run, ambayo ni saa kumi ya alasiri kwetu Wete, Pemba, nilijua wanamteremsha kaburini, na mimi, kaka yake mkubwa, niliyeahidiwa na kuahidi kwamba mmoja wetu atamzika mwenzake, nimekaa barazani kwa watu, nasikiliza jenereta la kijiji mpaka likazimwa.

Kwa hiyo usinishangae ninapolirudia lile neno langu. Chombo cha kutokea kwanza. Sisemi hivi kwa chuki ya mahali, maana kesho yake, baada ya magharibi, imamu wao alisimama akaniuliza jina la marehemu na jina la baba yake, akalitaja mbele ya watu, na msikiti wote ukasimama kumsalia sala ya ghaibu. Wale ni Mashafii kama sisi, hata sikuhitaji kuelezwa lipi linafuata lipi. Wazee waliokuwa hawajapata kuisikia Wete walimwombea mtu wa Wete kwa kutulia ambako sijakuona kwenye mazishi mengi ya hapa mjini, ambako nusu ya watu huwa wanatazama simu. Siku zilizofuata wanawake walileta wali na jodari wa kuchoma, wanaume wakasoma tahlili usiku baada ya usiku, na mkweo akalala pembeni yangu kwenye mkeka ilhali kitanda chake kilikuwa chumbani. Nikiketi kukupima hasara na faida za Run, sijui pa kuuweka usiku ule wa sala. Mama yako husema niuweke kwenye faida. Mimi siku nyingine naona ndiyo, siku nyingine naona kwamba wema wao wote usingelazimika kama kungekuwa na boti.

Sasa nije kwenye mali, maana najua utasema nimekwepa. Sheria ya Msingi ya Ardhi ya Indonesia, namba 5 ya mwaka 1960, inasema wazi kwamba hak milik, yaani miliki kamili, ni ya raia wao tu. Mgeni akinunua kwa kujificha nyuma ya jina la mwenyeji, mauziano ni batili, ardhi inaangukia serikalini, na fedha zilizokwisha kulipwa hazidaiwi tena. Usidhani kuwa na mke raia kumemaliza shida, kwa kuwa mali mnayochuma ndani ya ndoa inahesabika kuwa yenu nyote wawili, na fungu lako ndilo linalomharibia yeye haki yake. Njia ni mkataba wa kutenganisha mali. Zamani ulipaswa kufungwa kabla ya ndoa, lakini Mahakama ya Katiba yao iliamua mwaka 2016 kwamba hata walio ndani ya ndoa wanaweza kuufunga. Iko pia hak pakai, haki ya kutumia, ambayo mgeni mwenye kibali cha ukaazi anaweza kupewa kwa miaka 30, ikaongezwa 20, kisha ikahuishwa 30 mingine, ila hiyo inataka ardhi yenye hati safi, na karatasi uliyonitumia ni barua ya mkuu wa kijiji. Karatasi ya namna hiyo kwetu ingekuwa ya sheha, nawe unajua inapofika mahakamani inasimama kwa mguu gani. Tena mita 100 kutoka alama ya maji makuu ni ukanda wa ufukwe unaolindwa. Pima kutoka ile minazi miwili unijibu kiwanja kinabaki na nini.

Yuko pia mjukuu wangu, ambaye hukumtaja hata kwa mstari mmoja. Kwa sheria yao ya uraia ya 2006 anaruhusiwa kushika pasi mbili mpaka afike miaka 18, kisha ana miaka mitatu ya kuchagua. Na kwetu Tanzania mtu mzima hashiki mbili. Akichagua kwao, atarithi. Akichagua kwetu, ana mwaka mmoja wa kuachia alichorithi. Unanunua kitu ambacho kijana wa miaka 21 atakiamulia wakati wewe una mvi.

Najua hoja yako ya thamani, kwa kuwa uliwahi kunisimulia kwa furaha kwamba katika Mkataba wa Breda wa 1667 Mwingereza aliiachia Run na Mdachi akaiachia Manhattan, ile ya New York, na wenzako wa kazini wakacheka. Kisiwa kilikuwa na thamani kwa sababu kungumanga haikumea popote duniani ila Banda. Wadachi wenyewe waliikata mipala ya Run ili Mwingereza asipate kitu, na baadaye Waingereza wakachukua miche wakaipanda kwingine, mpaka leo Grenada inauza kungumanga. Mti ukihama, bei inahama nao. Leo unaniambia bei italetwa na wageni wazamiaji. Huenda. Lakini mgeni naye huulizia boti ya kurudia.

Hata hivyo, nani amesema lazima kiwanja kiwe cha jina lako? Shamba la babu yako, mikarafuu ni yetu na ardhi ni ya serikali, na wewe umesomeshwa kwa karafuu zile. Maluku, jimbo lenye visiwa vya Banda, nako mti huweza kuwa wa huyu na ardhi ya yule, na watu wakaishi. Kikiwa cha mkeo, kwa mkataba uliosajiliwa, mkajenga nyumba ya kawaida yenye tangi kubwa, maana kisiwa hakina mto wala chemchemi na watu hunywa maji ya mvua, basi mtakuwa mmejenga kwao kama mwanamume yeyote anavyomjengea mkewe. Hapo sina neno. Lakini hilo siyo uliloniuliza, uliniuliza faida.

Nunua au usinunue, sitakwambia, ingawa ulimi unaniwasha na mama yako ananiona. Niandikie kwanza mambo mawili: mthibitishaji wa nyaraka wa Ambon amesema nini kuhusu mkataba, na mkijenga, miezi ya kusi mtakuwa Run au Muscat. Msalimu mkweo, umwambie ile basibasi aliyonipa bado mama yako anatilia pilau.

Baba yako,
Wete